Kujifunza Kiingereza cha Kila Siku kwa Simu ya Mkononi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wa Jumuiya, Ruharo, Mbarara





Nilipoambiwa nichague jambo la kunena niliona haya, kwa kuwa mimi si mwanachuoni, wala si fundi wa mitambo. Mimi ni mwalimu wa watoto wa chuo, na riziki yangu naitafuta katika duka dogo. Lakini yako mambo ambayo mtu huyajua kwa kuyasoma, na yako mengine huyajua kwa kuumwa nayo. Hili la leo nimeumwa nalo, na kwa hiyo nina ujasiri wa kulisema.

Tumekusanyika hapa Ruharo watu wa namna mbili. Wako wenyeji wa Mbarara, ambao Kinyankole ni lugha ya mama zao, na Kiswahili wamekipata msikitini, sokoni au safarini. Na tuko sisi tuliokuja kutoka Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1958, na tangu Wanyarwanda walipoanza kukimbilia huko mwaka 1959 hayajapata kukosa wageni. Leo wanakaa huko watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mtu akipita siku moja kutoka Base Camp mpaka Rubondo au Juru, atasikia lugha ambazo hawezi kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kimekuwa mkeka wetu. Wote tumekaa juu yake, na hata leo tunakula na kusali pamoja kwa sababu yake.

Lakini tukiondoka juu ya mkeka huo tukaingia hospitali, au ofisi, au benki, karatasi tunayopewa imeandikwa Kiingereza. Katiba ya Uganda imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwaka 2005 ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule. Tunalifurahia jambo hilo, na tunawaombea heri wanaolishughulikia. Hata hivyo mgonjwa wa leo hawezi kungoja mtaala wa kesho. Akiandikiwa dawa leo, lazima aimeze leo, na lazima ajue ni kiasi gani na wakati gani.

Basi niruhusuni niwasimulieni kisa changu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi alitokwa na uvimbe shingoni. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kujifunza Kiingereza kwa miezi miwili kwa programu moja ya simu. Kila jioni baada ya Isha nilikaa na simu yangu, ikanionyesha picha, ikanitamkia neno, nami nikalirudia. Nikijibu sawa ilipiga kengele ndogo, ikanipa nyota. Nyota zile zilinipendeza mno, nikajiona nimekuwa msomi. Nikampeleka mama katika hospitali moja. Muuguzi akauliza kama twataka mkalimani, nami nikajibu kwa kiburi kwamba hatumhitaji. Akasema tumrudishe mama siku ya Alhamisi, “at eight o’clock”. Nikayashika maneno yale. “Eight” ni nane. Simu ilinifundisha hivyo, wala haikusema uongo. Siku ya Alhamisi nikamfikisha mama pale saa nane ya mchana, jua limesimama kichwani. Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa. Alikuwa akija mara moja tu kwa mwezi, na siku hiyo alianza kazi saa mbili ya asubuhi akamaliza kabla ya Adhuhuri. Mama yangu akangoja mwezi mwingine mzima na uvimbe wake, na usiku nilimsikia akigeuka kitandani kwa maumivu.

Alhamdulillahi, baadaye alitibiwa akapona. Lakini mwezi ule siwezi kumrudishia. Kosa halikuwa la hospitali, wala la muuguzi. Lilikuwa langu mimi niliyejua neno bila ya kujua matumizi yake. Sisi twahesabu saa tangu kucha, yaani jua likisha kuchomoza na saa moja ikapita twasema saa moja. Mwingereza huanza kuhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Kwa hiyo kati ya saa yake na saa yetu pana tofauti ya saa sita daima. Akisema “eight” asubuhi, kwetu ni saa mbili. Akisema “two” mchana, kwetu ni saa nane. Jambo hili mtoto wa shule hulijua kwa siku moja. Mimi nililipia kwa maumivu ya mama yangu.

Kisa cha pili si changu, na jina la mwenyewe silitaji. Mama mmoja wa kwetu alishikwa na ugonjwa wa kike. Hakujua Kiingereza hata neno, wala Kinyankole. Akamchukua mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, anayesoma shule, awe mkalimani wake kwa daktari. Enyi ndugu zangu, mama atamwambia nini mwanawe wa miaka kumi na mmoja juu ya jambo kama hilo? Aliona haya akasema kwamba tumbo linamuuma. Mtoto akasema tumbo. Daktari akatoa dawa ya tumbo. Mama yule akarudi nyumbani na ugonjwa wake na dawa isiyokuwa yake, na akakaa hivyo mpaka jirani mmoja mwanamke alipojua habari zake akamrudisha. Mtoto hana lawama. Alifanya kazi ya mtu mzima kwa uaminifu wote. Lakini sisi watu wazima tumemtwika mzigo usio wake, na mama yake tumemwacha hana siri.

Hapo ndipo ulipo moyo wa maneno yangu ya leo. Mtu hujifunza Kiingereza kwa sababu nyingi. Mmoja anataka kazi, mmoja anataka biashara, mmoja anataka kujionyesha. Mimi nasema kwamba sababu ya kwanza kwetu iwe hii: mtu mzima aweze kulieleza jambo lake mwenyewe kwa ulimi wake mwenyewe. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mwenye kutegemea ulimi wa nduguye hupungukiwa na mali, na siri, na pengine afya pia.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Zayd bin Thabit, naye wakati ule ni kijana wa Madina, ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa sababu hakuwa na imani ya kuziacha barua zake mikononi mwao. Zayd akajifunza, na haikupita nusu ya mwezi ila alikuwa amekwisha kuyajua. Ikawa yeye ndiye anayemwandikia Mtume barua za kwenda kwao, na yeye ndiye anayemsomea barua zinazotoka kwao. Tazameni sababu iliyotajwa: ni kulinda amana, barua isipite katika mikono isiyokuwa na haki nayo. Tena Zayd huyo huyo, katika ukhalifa wa Abubakar, ndiye aliyekabidhiwa kazi kubwa ya kuikusanya Kurani. Lugha ya kigeni haikumwondolea Kurani kifuani mwake.

Nalisema hili kwa sababu nawajua wazee wangu. Baadhi yao husema, “Mwanangu, Kiingereza kitatutoa katika dini.” Siwacheki, kwa kuwa hofu hiyo ina asili yake. Zamani shule nyingi za nchi hizi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu aliogopa kumpeleka mtoto akiwa Ali akamrudia akiwa Albert. Wengi wakawaweka watoto wao nyumbani, wakasalimika na jambo moja wakapatwa na jingine, yaani kuachwa nyuma. Walipatikana wakubwa walioona kwamba dawa yake si kukaa nyumbani. Huko Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu, huku akiwaonya wasiwaige Wazungu kwa upofu. Hapa Uganda Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu (1907–1991) alitoa ardhi yake ya Kibuli, akahangaika maisha yake yote ili watoto wa Kiislamu wapate shule. Mwaka 1988 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale, na Kiingereza kikatumika humo kama lugha ya masomo. Wote hawa hawakuuza dini yao kwa kununua lugha. Walitwaa lugha kama mtu anavyotwaa jembe, akalima, kisha akaliweka ukutani.

Sasa nije kwenye simu yenyewe, maana najua vijana wamekwisha kuchoka na masimulizi.

Programu za kufundisha lugha ni nyingi. Iko Duolingo, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2012, ambayo huwafundisha Kiingereza wajuao Kifaransa na wajuao Kiarabu. Basi ndugu zetu Wakongo waliosoma kwa Kifaransa wanaweza kuanzia hapo. Jambo la kuchekesha ni kwamba programu hiyo hiyo ilianza mwaka 2017 kuwafundisha Kiswahili Wazungu wajuao Kiingereza! Iko programu ya kutafsiri ya Google, ambayo ina Kiswahili tangu mwaka 2009, Kinyarwanda tangu mwaka 2020, na Lingala na Luganda tangu mwaka 2022. Hii ya kutafsiri ni msaada wakati wa shida, lakini si mwalimu, na mara nyingine hukosea kosa kubwa. Mtu asiiamini peke yake katika jambo la dawa au la karatasi ya kutia sahihi.

Programu niliyoipenda mimi zaidi ni ile iitwayo Anki, iliyoanza mwaka 2006. Katika simu za Android hailipiwi, na ikisha kuingia katika simu haidai intaneti. Hili si jambo dogo kwetu. Sote twajua bei ya bando, na twajua kwamba mwaka 2021 serikali iliweka ushuru wa asilimia 12 juu yake. Mtu wa Nakivale anayelipa kuchajiwa simu yake kwenye sola ya jirani hawezi kujifunza kwa programu inayokula bando kila dakika.

Kazi ya Anki ni nyepesi kuieleza. Unaandika kadi, upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili, na ukipenda unatia sauti. Programu inakuonyesha upande mmoja, nawe unajaribu kukumbuka upande wa pili. Ukikumbuka kwa wepesi, kadi hiyo haitakurudia ila baada ya siku kadhaa, kisha baada ya majuma, kisha baada ya miezi. Ukisahau, itakurudia upesi. Msingi wake ni wa zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima nafsi yake akatoa kitabu mwaka 1885, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa hupotea mapema, katika saa na siku za kwanza. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza sanduku la vyumba vitano la kuwekea kadi. Kadi iliyojibiwa sawa husogezwa chumba cha mbele, na iliyokosewa hurudishwa chumba cha kwanza. Simu imelitia sanduku hilo mfukoni mwako.

Lakini, Masheikh wangu, nani kati yetu aliyehifadhi Kurani asiyelijua jambo hili? Mwalimu wangu wa chuo hakupata kumsikia Ebbinghaus, lakini asubuhi alinisikiliza somo jipya, alasiri somo la jana, na Alhamisi masomo ya juma zima. Mtume ametuonya kwamba Kurani hutoroka vifuani upesi kuliko ngamia waliofungwa kamba, asipoiangalia mwenyewe. Hiyo ndiyo muraja’a yetu. Kwa hiyo nawaambieni wazee mnaoogopa simu: njia yake ya kufundisha mnaijua tangu utotoni mwenu. Kilichobadilika ni ubao tu.

Swali linalofuata ni hili: tujifunze maneno gani? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Programu nyingi zilitungwa kwa ajili ya watalii. Mimi katika juma langu la kwanza nilifundishwa kusema kwamba kijana anakula tofaa. Tofaa lenyewe sijalionja mara tatu maishani mwangu! Nilijua tofaa kabla ya kujua homa. Nilijua kuagiza mvinyo, ambao ni haramu kwangu, kabla ya kujua kuuliza kama kidonge kinamezwa kabla ya kula au baada ya kula.

Wala tusiogope wingi wa maneno. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitunga Kiingereza chepesi cha maneno 850 tu. Mwaka 1953 Michael West akatoa orodha ya maneno kama 2,000 yatumikayo zaidi kuliko yote. Sisi kwa kuanzia hatuhitaji hata hayo ya Ogden. Nimekaa na kuhesabu, nikaona kwamba maneno 200 yaliyochaguliwa vizuri yanatosha kumfikisha mama mahali panapohitajika. Nimeyagawa katika milango minne, maneno 50 kwa kila mlango.

Mlango wa kwanza ni hospitali: homa, kikohozi, kutapika, mimba, damu, maumivu, jana, tangu lini, mara ngapi. Neno “once” maana yake mara moja, lakini maandishi yake hayafanani na matamshi yake, nalo husikika kama “wans”. Mlango wa pili ni soko na pesa. Hapa hatari iko katika hesabu. “Fifteen” ni kumi na tano, na “fifty” ni hamsini. Sikio lisilozoea huyasikia yote mawili kuwa neno moja. Mtu akidhani bei ni elfu kumi na tano kumbe ni elfu hamsini, ugomvi utatokea bila ya mwizi kuwepo. Mlango wa tatu ni ofisi: jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, sahihi, foleni, rudi kesho. Mlango wa nne ni shule ya watoto: karo, mtihani, kuchelewa, mkutano wa wazazi. Mzazi anayeweza kumwuliza mwalimu swali moja kwa ulimi wake mwenyewe, mtoto wake humheshimu kwa namna nyingine.

Tena msidhani kwamba tunaanza na mikono mitupu. Kiswahili chetu kimekwisha kutukopea mengi. Nesi, wodi, daktari, kadi, fomu, risiti, penseli, blanketi, baiskeli, koti, soksi, betri: yote hayo yalitoka kwa Waingereza, nasi tumeyavika kanzu. Mama asiyejua kwamba anajua Kiingereza tayari anayo maneno kumi na mbili, nami sijamaliza kuhesabu. Lakini awe na hadhari, kwa maana baadhi yamebadili tabia yalipohamia kwetu. Kwetu hoteli ni mahali pa kula wali na maharage. Kwa Mwingereza “hotel” ni mahali pa kulala. Mtu mwenye njaa akiulizia “hotel”, ataonyeshwa kitanda.

Jambo la matamshi nalo lataka uangalifu. Kiswahili kina irabu tano, na kinasomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza hakina uaminifu huo. Tena wengi wetu, Wanyankole na Warundi na Wanyarwanda, ulimi wetu hauzitofautishi sawasawa “r” na “l”. Mtu akienda dukani kuomba “rice”, yaani mchele, ulimi ukateleza akasema “lice”, ameomba chawa. Hapa simu ina faida ambayo kitabu hakina: hutamka neno mara mia bila ya kuchoka, wala haimcheki mzee. Nimewaona wazee wanaoona haya kusoma mbele ya watoto. Lakini usiku, akiwa peke yake na simu sikioni, mzee hurudia neno mpaka likakaa.

Sasa niseme upungufu wake, kwa sababu mwuza dawa asiyetaja madhara ya dawa yake si mwaminifu. Simu hufundisha neno, haifundishi mtu. Haikuniambia habari ya saa, kwa kuwa haikujua kwamba mimi ni Mswahili anayehesabu saa tangu kucha. Haijui kwamba kwetu mkubwa haitwi kwa jina lake tupu, wala haimfundishi kijana kumsalimu mzee kabla ya kumwuliza. Nyota zake na kengele zake hufurahisha, lakini mtu anaweza kukusanya nyota elfu na asiweze kununua chumvi. Neno lisilotoka mdomoni mbele ya mtu aliye hai ni kama mbegu iliyobaki ghalani. Kwa hiyo kila neno mlilolipata usiku kwa simu, litumieni mchana kwa mtu. Mkikosea mtachekwa, chekeni pamoja nao, kisha ulizeni. Kuuliza si ujinga.

Yako na mambo ya adabu. Simu ile ile yenye somo ina na upuuzi, na mlango wa upuuzi ni mpana zaidi. Kijana asiseme anajifunza lugha, kumbe usiku kucha anatazama mambo mengine, mpaka Alfajiri ikampita. Na mume asimnyime mkewe simu kwa kisingizio cha fitina, ilhali yeye mwenyewe hana muda wa kumsindikiza hospitali. Kama nyumba ina simu moja, basi iwe na zamu, na zamu ya mama isiwe ya mwisho.

Wako pia wanaouliza kama Kiswahili chetu hakitakufa tukijifunza Kiingereza. Jibu langu ni kwamba Kiswahili hakijapata kuogopa kukaa karibu na lugha nyingine. Kimekaa na Kiarabu, na Kihindi, na Kireno, kikanufaika nazo zote. Kitakachokiua ni sisi kuwaona haya watoto wetu wanapokisema. Kadi zetu ziwe na Kiswahili safi upande wa pili, na hivyo mtoto atajifunza lugha mbili kwa mara moja. Na ndugu zetu wenyeji wakipenda, watie na Kinyankole, ili nasi wageni tujifunze lugha ya waliotupokea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la kwanza la mgeni ni salamu ya mwenyeji wake.

Bwana Rais, nisingependa hotuba hii iishie katika makofi. Naiomba Jumuiya mambo matatu.

La kwanza, iteuliwe kamati ndogo ya walimu wawili na wauguzi wawili, angalau nusu yao wanawake, wachague yale maneno 200 wakayaandike katika kadi za simu, na wakumbuke kuitia saa ya Kiingereza pamoja na saa yetu. Sauti isomwe na mwalimu wa hapa hapa, taratibu. Na maneno ya wanawake yasomwe na mwanamke. Kazi hiyo ikisha, faili lake linaweza kupelekwa kutoka simu moja hata nyingine bila ya kununua bando, likafika Nakivale kwa safari moja ya basi.

La pili, pawe na kikao kimoja kila juma, hapa Ruharo na kule Nakivale, baada ya Alasiri, ambapo waliojifunza kwa simu watakutana wazungumze kwa midomo. Mmoja awe daktari, mmoja mgonjwa. Mmoja mwenye duka, mmoja mnunuzi. Maneno matano kwa siku yatamaliza maneno 200 kwa siku arobaini. Siku arobaini ni muda ambao kila mama hapa anaujua. Ndio muda wa kumlea mtoto mchanga ndani ya nyumba kabla ya kumtoa nje.

La tatu, kila kijana mwenye simu amchukue mzee mmoja asiye na simu, amfundishe robo saa kwa siku. Kijana atapata thawabu, na atakijua Kiingereza zaidi, kwa kuwa anayefundisha hujifunza mara mbili.

Kabla sijashuka nitawaambieni habari moja ya mwisho. Mama yangu sasa ni mzee sana. Kadi zake katika simu yangu hazizidi arobaini, na nyingi amezisahau na kuzikumbuka tena. Lakini iko sentensi moja ambayo hakuisahau hata siku moja. Mwaka jana tulikwenda tena hospitali, na muuguzi akatamka siku na saa ya kurudi. Mimi nilikuwa nafungua mdomo nimtafsirie. Mama akainua mkono akaninyamazisha, akamtazama yule muuguzi, akauliza kwa Kiingereza: “Morning or afternoon?” Yaani, asubuhi au mchana? Muuguzi akatabasamu akajibu, nami nikaandika. Siku hiyo tulifika kwa wakati wake.

Namwomba Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu vyote, atufundishe yenye manufaa kwetu, na atunufaishe kwa yale aliyotufundisha. Awarehemu waliotangulia katika Jumuiya hii, awape afya wagonjwa wetu, na awarudishe kwao kwa amani wale wanaotamani kurudi.